Tovuti na programu za watoto zilizofaulu nyumbani kwangu, na zilizofeli

#1 Baba Lela

Wakuu, habari za humu ndani. Kila baada ya siku mbili tatu mtu anauliza amwekee mtoto nini kwenye simu, na jibu ni lilelile: mwekee katuni. Mimi nina wawili, Lela wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 5, na mwaka huu wote nimekuwa nikijaribu vitu. Naandika nilichokiona kwa macho yangu. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Nianze na nilipochemsha. Nilikuwa nachagua kwa kuangalia nyota kwenye duka la programu na kama wameandika neno "elimu". Nikapakua moja ya kujumlisha. Mtoto akipata jibu anapewa sarafu, na sarafu zinamnunulia sungura kofia. Baada ya wiki mbili nikamuuliza Lela 7 na 8 ni ngapi. Kimya. Nikamuuliza sungura ana kofia ngapi. "Kumi na nne baba, imebaki ya zambarau."

Tangu siku hiyo sijali tena kitu kimeandikwa nini kwenye jalada. Namwangalia mtoto akiwa humo ndani: anatengeneza kitu, au anasubiri kupewa?

Sasa Scratch, ya mtoto kujitengenezea michezo na katuni kwa kuipa kompyuta maagizo. Ilitoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007, ni bure, na imelengwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandiki maneno ya ajabu ajabu ya kompyuta. Anaburuta vipande vya rangi, anavipachika kimoja chini ya kingine, na paka wa rangi ya chungwa aliye jukwaani anafanya alichoambiwa. Kosa likitokea ni la mtoto mwenyewe na linaonekana hapohapo.

Lela alitaka paka akimbie mpaka apotee nje ya skrini. Akamwekea x (namba ya kushoto na kulia; y ni ya juu na chini) iwe 1000. Paka akaruka kulia akakwama ukingoni, mkia tu ndio unaonekana. Akaweka 2000. Mkia uleule. Akakasirika, akawa anamburuta paka kwa kipanya huku akisoma namba zilizo chini ya jukwaa. Katikati 0. Ukingo wa kulia 240. Akamvuta upande wa pili. "Baba, huku kuna kistari mbele ya namba." Hasi 240. Sikuwa nimemfundisha namba hasi, na shuleni hawajafika huko. Jioni ile tulikaa na kistari kile karibu saa nzima, na mwishoni yeye ndiye aliyenieleza mimi kwa nini 0 imewekwa katikati.

Nyingine ni PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Aliyeianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Nobeli ya fizikia. Ni majaribio ya sayansi unayoyachezea kwenye skrini. Kuna ya umeme yenye betri, waya, taa na swichi. Lela aliunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri ikawaka moto. Akacheka, akafuta, akarudia mara sita hivi. Kisha akaweka taa katikati, moto hakuna. "Kwa hiyo taa inauzuia?" Nikamwambia endelea tu mwanangu, utaona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalitafuta jibu kwenye simu yangu chini ya meza.

Mdogo wake yuko Khan Academy Kids, programu ya kujifunzia ya miaka 2 hadi 8. Haina matangazo, haina malipo. Kuna dubu mmoja anaitwa Kodi, amekuwa kama ndugu yetu wa tano. Pia Chrome Music Lab, unapaka viboksi rangi vinageuka wimbo, huhitaji hata kujisajili. Nzuri kwa jioni moja moja.

Zilizofeli ni zote zenye video zinazojifungua zenyewe moja baada ya nyingine. Sijali zimeitwa za elimu kiasi gani. Mtoto haondoki pale hadi betri iishe.

Leteni zenu.

#2 Mdadisi77

Kofia ya zambarau imeniua. Nimeweka kambi hapa.

#3 Nesi wa Zamu

Mleta uzi umeandika vizuri, ila hujagusa umri. Watu watasoma hapa wampe simu mtoto wa miezi kumi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 haishauriwi kabisa kukaa mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora zaidi. Sababu kubwa si skrini yenyewe. Ni kile inachokula: usingizi, kutambaa, kukimbia, kuongeleshwa na mtu.

Kwa hiyo Khan Academy Kids kusema ni ya kuanzia miaka 2 haimaanishi wa miaka 2 akae nayo asubuhi hadi jioni.

#4 Baba Lela

Nesi asante, ni kweli, hilo nimelipita. Wa kwangu wa miaka 5 ana dakika 30, na saa ya ukutani ndiyo mwamuzi, si mimi. Nilipokuwa mwamuzi mimi tuligombana kila siku.

#5 Mwalimu wa Darasa la Pili

Ngoja niseme kama mtu ninayekaa na watoto 40 kila asubuhi. Wazazi wengi wakisema elimu mtandaoni wanawaza hesabu na kompyuta. Lakini anayekwama darasani kwangu mara nyingi amekwama kwenye kusoma, na hapo ndipo vitu vya bure vipo tele na watu hawavijui.

African Storybook imekuwepo tangu 2014. Ni hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Unasoma, unapakua, unachapisha ukitaka. Nyingine ni StoryWeaver ya Pratham Books, imeanza 2015. Wao wanapanga vitabu kwa ngazi nne, ya kwanza ikiwa na maneno machache sana kwa kila ukurasa, kwa hiyo humpi mtoto kitabu cha kumkatisha tamaa.

Leseni za kote kuwili zinaruhusu uitafsiri hadithi au uibadilishe. Hapo ndipo kwenye utamu. Mwaka jana nilichukua hadithi moja ya kuku, nikaifuta maneno yote nikabakiza picha. Watoto wakaandika yao. Mmoja kila ukurasa aliandika "Kuku amechoka." Kurasa kumi na mbili. Nikampa alama zote, maana ni mara ya kwanza aliandika sentensi kamili bila kuniuliza.

Na someni kwa sauti, jamani. Usimpe simu halafu ukaondoka. Mtoto asome, wewe ukosee makusudi sehemu moja, akusahihishe. Wanapenda mno kumsahihisha mtu mzima.

#6 BinadamuTu

Mnanichekesha. Vyote hivi ni vya watu wenye laptopu na intaneti isiyokatika. Mimi nina simu moja, na ndiyo hiyohiyo ya kazini. Nikimpa mtoto saa moja bando limekwisha. Halafu nusu ya mlivyotaja ni Kiingereza. Mtoto wangu wa miaka 7 ataongea nini na huyo dubu?

#7 Fundi Waya

BinadamuTu una hoja, lakini usikate tamaa mapema.

Lugha: Scratch ina Kiswahili, unaibadilisha kwenye mipangilio na vile vipande vyote vinageuka. PhET nayo ina majaribio mengi yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, tafuta ukurasa wa tafsiri. Dubu ndiyo hajui Kiswahili, hapo umenikamata.

Bando: majaribio mapya ya PhET unayapakua, kila moja ni faili moja tu, unalifungua kwenye kivinjari bila intaneti. Unapakua mara moja ukiwa penye mtandao, mtoto anachezea mwezi mzima. Kuna GCompris pia, mkusanyiko wa michezo zaidi ya 100 ya watoto wa miaka 2 hadi 10: kuhesabu, herufi, kipanya, ramani. Ni kazi ya watu wa kujitolea tangu mwaka 2000, na jina lake ukilitamka kwa Kifaransa linasikika kama "nimeelewa". Ikishaingia kwenye kifaa haihitaji mtandao. Sura yake ni ya kizamani kidogo, usitegemee mbwembwe.

Halafu Kiwix. Hii naisema kila mahali hadi watu wamenichoka. Inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu, faili moja, unasoma hata ukiwa porini. Mtoto akiuliza nyangumi anapumuaje, humtumi kwenye injini ya kutafutia ambako hujui atatokea wapi.

Mbinu ndogo ya bure: ukishapakua programu yoyote ya mtoto, weka simu kwenye hali ya ndege kisha uifungue. Ikifanya kazi, bando lako salama na matangazo mengi yanakufa. Ikikataa kufunguka hata ukurasa wa kwanza, jiulize mchezo wa kupaka rangi unaongea na nani huko nje.

#8 Mama Watatu

Hilo la mwisho limenigusa. Kuna gemu moja, jina silitaji, mwanangu alikuwa anajenga nyumba humo. Nikaona ni ubunifu, nikamwacha. Siku moja nakuta ujumbe wa makato, si mmoja, tisa. Kila akigonga sanduku la zawadi, kadi yangu inakatwa, kwa sababu nilishawahi kununua kitu kwa simu ileile na sikuwahi kuweka nywila ya manunuzi. Nilipowaandikia wenye gemu walinijibu kwa barua ndefu ya heshima yenye maana ya hapana.

Na kibaya kuliko pesa, ndani ya gemu kulikuwa na sehemu ya kuchati. Mtu asiyemjua anamuuliza mtoto wa miaka 8 "uko nyumbani na nani?" Huenda naye alikuwa mtoto tu, sijui. Nilitetemeka.

Ninachouliza: mbona fomu za kujisajili zinasema lazima uwe na miaka 13, na gemu lenyewe limejaa vikatuni vya watoto wadogo?

#9 Fundi Waya

Pole sana dada. Ile 13 inatokana na sheria ya Marekani, COPPA, ilipitishwa 1998 ikaanza kutumika 2000. Inakataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi zikaona kuomba idhini ni usumbufu, zikaandika tu "lazima uwe na 13" zikanawa mikono. Kwa hiyo 13 haisemi kwamba mchezo ni mgumu au ni mbaya kwa wa miaka 8. Inasema taarifa zinakusanywa. Na tukimwandikia mtoto mwaka wa kuzaliwa wa uongo, tunamwambia mtambo amhesabu kama mtu mkubwa, kwa matangazo na kwa wa kuchati naye.

Kwenye duka la programu weka nywila kwa KILA ununuzi, usichague ile ya "nikumbuke". Chati ukikuta haizimiki, futa gemu.

#10 Babu Farasi

Wajukuu hamjambo. Mimi nina miaka 71 na macho ya kusoma uzi wote huu yameniishia nusu njia, ila nina moja la kuchangia.

Mjukuu wangu anaishi mbali nami, safari ya ndege. Kwenye simu tulikuwa tunasalimiana dakika mbili, tunaishiwa maneno. Mama yake akatufungulia Lichess, ya mchezo wa chesi. Ipo tangu 2010, bure, haina tangazo hata moja, na ya mtoto unaiweka kwenye hali ya watoto, hapo hakuna mtu wa kumtumia ujumbe. Tunacheza ule mchezo wa polepole, mtu una siku nzima au zaidi ya kufikiria kete moja. Asubuhi naamka nakuta amesogeza. Nami nasogeza, nakwenda zangu.

Sasa simu ya Jumapili haina tena ukimya. Ananipigia: "Babu, kwa nini ulimwacha malkia?" Namwambia nilimwachia makusudi. Si kweli. Sikumwona yule farasi wake.

#11 Baba Lela

Shikamoo Babu. Hii nimeisoma kwa sauti mezani. Lela ameuliza kama chesi ina kistari mbele ya namba.

#12 Mdadisi77

Nimetoka kambini. Zangu ni mbili, na zote zinamtoa mtoto nje ya nyumba.

Ya kwanza inaitwa Seek, ya watu wa iNaturalist. Unaelekeza kamera kwenye mmea au mdudu, yenyewe inakutajia ni nini, na haitaki usajili. Haikurupuki na jina. Inashuka ngazi kwa ngazi: kwanza mnyama, halafu kundi, halafu familia, mpaka spishi ikiweza. Binti yangu alisimama juu ya stuli dakika kumi akimvizia buibui wa kwenye kona. Ikagoma kushuka, ikaishia kumwambia "araknida", yaani kundi la buibui na nge. Akaja mbio: si mdudu! Tukahesabu miguu, minane. Wadudu wana sita. Wiki nzima alikuwa anatusahihisha sote. Buibui yule sasa ana jina na hairuhusiwi kumfagia.

Ya pili, Spot the Station ya NASA. Unaweka mahali ulipo, inakuambia kituo cha anga cha kimataifa kitapita juu yenu saa ngapi na kitatokea upande gani. Kinaonekana kwa macho matupu, kama nyota kali isiyopepesa, inakatiza anga kwa dakika chache. Ni muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, kwa sababu chini kwetu ni giza lakini kule juu, kama kilomita 400, jua bado linakimulika. Kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Nilimwambia binti mle ndani kuna watu, akapunga mkono. Kesho yake akauliza wao wanaona machweo mangapi kwa siku. Tukagawanya. Kumi na sita.

Simu tulitumia dakika moja tu, kuangalia saa.

#13 Kalamu Butu

Naomba nipinge kidogo, msinirarue. Nasoma hapa naona kila kitu lazima kiishie kwenye somo. Namba hasi, araknida, machweo 16. Mtoto hawezi kucheza tu? Sisi tulikuwa tunazungusha ringi barabarani mchana kutwa, hakuna aliyetuuliza tumejifunza nini. Huyo sungura wa kofia 14, kama mtoto alifurahi, kosa lake nini?

#14 Baba Lela

Kalamu, nimekaa na swali lako tangu jana. Kuna mahali umenipata: nina tabia ya kumuuliza mtoto "umejifunza nini" kabla hajafunga kompyuta, na Lela ameanza kunijibu kama anayejibu mtihani. Hiyo naacha.

Lakini ringi na sungura siviweki kapu moja. Ringi ukichoka unaiacha, haikuiti. Yule sungura alikuwa anatuma ujumbe saa moja usiku: "Nimekukumbuka, njoo uchukue zawadi yako." Na ringi mlikuwa mnazipinda wenyewe, mnatafuta kijiti wenyewe. Mtoto akikaa Scratch anamfanya paka ajambe mara mia, na Lela amefanya hivyo, kwa sauti aliyoirekodi mwenyewe, mimi sina neno. Hiyo ni ringi.

#15 Mwalimu wa Darasa la Pili

Paka wa kujamba nimemwona kwa wanafunzi wangu watatu tofauti. Nadhani ni hatua ya lazima.

#16 BinadamuTu

Wakuu nimerudi. Nimeazima laptopu ya shemeji siku mbili. Scratch nimeiweka Kiswahili kama Fundi alivyosema. Kijana amekaa nayo tangu saa tatu, hata chai imepoa. Tatizo: kila akibonyeza ile bendera ya kijani paka anasogea kulia, akibonyeza tena anasogea tena, sasa yupo ukingoni harudi. Umebaki mkia. Mimi sielewi kitu na kijana ananiangalia kama fundi. Nani yuko hewani?

#17 Baba Lela

Huyu hapa Lela anaandika mwenyewe, mimi nimeshika chai tu:

weka kipande cha nenda x 0 y 0 chini ya bendera kabisa kabla ya vingine. atarudi katikati kila ukibonyeza. ukitaka aende kushoto weka kistari

#18 BinadamuTu

Karudi! Kijana anauliza sauti mnarekodia wapi.